Kufuli la Mukhtasari

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Wiki ya tatu ya ndoa! Awadhi kaniletea chai kitandani tena. Majirani hapa Chanika wanasema nimemroga. Na wanune!

Nimemaliza kuchapa mukhtasari wa kikao cha ukoo kule Kerenge. Mwenye kidato cha nne ni mimi tu, kwa hiyo ukatibu ni wangu. Shamba la bondeni ni la Bibi Mwanaidi, mjane wa marehemu Babu, mpaka Mungu amchukue. Haliuzwi. Baba mdogo Mhina, msimamizi wa mirathi, ameagiza niweke neno la siri. Tunalijua sisi wawili.

Jumatano, 6 Agosti
Wino wa printa umekwisha hapa steshenari kwetu. Awadhi atakwenda kuuchapisha mukhtasari Korogwe, kwa rafiki yake Zaidi. Nikataka kumtajia neno la siri, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Siri ya ukoo wenu sitaki kuijua, mke wangu. Nitolee tu hilo kufuli."

Mwanaume mwenye adabu namna hii! Nikaufungua mukhtasari, nikaenda kwenye sehemu ya ulinzi, nikafuta vile vidoti vyote vinavyoficha neno la siri, nikabonyeza Sawa, nikasevu. Ukafunguka bila kuuliza kitu.

Akauliza kama Baba mdogo ana nakala yake. Nikasema hana, uko humu kwenye flashi tu, nikampa. Akanibusu kwenye paji la uso.

Ijumaa, 8 Agosti
Amerudi jana jioni na kanga mbili za Korogwe, nzuri mno! Karatasi zimo kwenye bahasha, imegundishwa.

Leo nikachomeka flashi kwenye kompyuta nihakiki majina. Mukhtasari ukaniuliza neno la siri. Ajabu—nililiondoa mwenyewe! Nikaandika lile letu. Likakataa. Nikaandika tena polepole. Likakataa.

Awadhi akacheka, akasema ni Zaidi huyo, ameweka jipya kwa usalama, atamuuliza. Hajamuuliza.

Jumamosi, 9 Agosti. Kerenge
Naandika jikoni kwa Bibi. Nimeaga nakuja kunawa mikono.

Tumeuleta mukhtasari utiwe saini, na Baba mdogo ameshasaini. Hakusoma. Alisema kama ameandika Faudhia hana haja ya miwani. Bahasha ikanifikia. Ukurasa wa tatu: mjane ameridhia shamba la bondeni liuzwe, na atakayesimamia uuzaji ni Awadhi, mkwe. Chini, Katibu—jina langu.

Nikamtazama mume wangu. Akatabasamu kama siku ya nikahi.

Bibi ameshaweka kidole gumba kwenye kidau cha wino. Anakiinua hewani, kinang'aa, kisichafue kanga. Kusoma hajui.

"Mjukuu wangu, ni yale yale tuliyosema?"

Ndipo nikaomba kunawa mikono.

Maji yamemwagika yote. Baba mdogo anauliza kwani nanawa mpaka kiwiko. Awadhi amekuja mlangoni, yupo hapa, sauti yake ile ile ya asubuhi na chai:

"Mpenzi, Bibi anakusubiri. Mwambie tu ndiyo."

Sijasema ndiyo, na sita—