Dirisha la Dada Velika

Brezovets, 14 Novemba 2018

Mpwa wangu Radostina,

Pokea salamu za sisi tuliobaki huku milimani. U mzima? Mgongo umetulia? Mama yako ameniambia huko Zaragoza mnapanga maboksi ya matunda mmesimama kutwa nzima, hata mbuzi hasimami hivyo. Mimi ni mzima kabisa, ukiacha goti la kushoto, meno, na kifua asubuhi. Mama yako hajambo. Magoti yake unayajua mwenyewe. Tumemaliza kuchoma pilipili hoho za kula wakati wa baridi. Chupa arobaini, na mimi peke yangu nimechoma thelathini na nane.

Sasa kama umesimama, keti. Mjomba wako amekuwa Mwenyekiti. Chama cha wafanyakazi wa posta, tawi la Brezovets, watu kumi na mmoja, wote wamenichagua kwa sauti moja. Ukumbi ulitikisika. Ukumbi wenyewe ni kile chumba cha kupangia barua, lakini ulitikisika. Tinka wa kupanga barua, yule mwenye ulimi kama msumeno, atakuambia eti nilichaguliwa nikiwa nje navuta sigara. Ni kweli nilikuwa nje. Mfalme gani hukaa ndani watu wakimjadili?

Jambo lenyewe ndilo hili. Tangu mwezi wa kumi gari la posta linapanda vijijini Jumanne na Ijumaa tu. Sasa ofisi ya mkoa inasema dirisha la posta la kijiji cha Ravnishte lifungwe, kwa kuwa barua zake ni chache. Na dirisha la Ravnishte ni mama yako. Miaka thelathini na tatu ameketi nyuma ya kioo kile, imebaki miezi kumi na minane apate pensheni yake. Wakimtoa leo, mwanamke wa umri ule, nani atamchukua? Itabidi aje huko kusimama nawe kwenye maboksi, na magoti yale.

Lakini usiwe na hofu. Mimi nimewahi kusimamishwa na dubu pale kwenye kona ya Krivi, mkubwa kama punda, amejaza njia yote. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, kama huna barua ya kupokea, nipishe, nina watu wananingoja." Akanipisha! Akainamisha kichwa kabisa. Sasa mkurugenzi wa mkoa, mwenye tai na viatu vyembamba, atanishinda mimi?

Ni mimi mjomba wako,
Stamen Karadimov


Zaragoza, 3 Desemba 2018

Mjomba Stamen,

Shikamoo. Barua yako imefika, na mwenye nyumba wangu ameisoma bahasha kwa sauti mbele ya wapangaji wote pale ngazini: "Stamen Karadimov, Mwenyekiti wa Tawi, Mtu wa Posta Daraja la Kwanza." Nafasi ya jina langu ilibaki ndogo, nashangaa ilinifikia.

Mimi sijambo, nimechoka tu. Nikitoka kazini mikono inaendelea kupanga maboksi hata nikiwa nimelala. Kuhusu yule dubu, mwaka juzi ulisema ni mkubwa kama ndama. Mwakani atakuwa mkubwa kama basi la abiria.

Nimempigia Mama simu. Nikimuuliza habari za kazi anasema "sijambo" kama mtu anayefunga mlango. Kwa hiyo nakuuliza wewe, Mjomba, na unijibu neno moja tu: dirisha litabaki au halitabaki?

Mpwa wako,
Radostina


Brezovets, 27 Januari 2019

Mpwa wangu,

Hujambo? Theluji imetufika kiunoni, na mimi ndiye niliyekuwa naichimba. Usihesabu wiki nilizonyamaza. Uenyekiti si kazi ya kukaa kitini, mwanangu. Ni kuzunguka nyumba za watu jioni na kuwasikiliza wakikuambia wamechoka. Wote wamechoka. Mmoja ana mtoto, mwingine ana shinikizo la damu, mwingine anasema, "Stamen, hayo tumeyaona zamani, kaa unywe." Nami nakaa, nakunywa, namngoja. Hivyo hivyo nimepata sahihi tisa kati ya kumi na moja. Hata Tinka ametia sahihi, ingawa alisema, "Natia kwa ajili ya dada yako Velika, si kwa ajili yako, jogoo wee."

Basi sikiliza. Tunagoma! Kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na nane Februari. Unajua ni wiki gani hiyo: bibi wote wa nchi hii wanatuma uzi wa Machi, mwekundu na mweupe, wa kufunga mkononi mwezi huo ukianza, kwa wajukuu walioko ng'ambo. Mifuko yetu hujaa kama matumbo ya harusi. Tukisimama wiki ile nchi nzima itajua kwamba kuna watu wanaoitwa watu wa posta.

Sheria inataka notisi ya mgomo iwe mezani kwa mkurugenzi siku saba kabla. Tinka akasema, "Panda basi, ipeleke mkononi, wakupigie muhuri kwenye nakala, urudi." Nikamwambia, "Mkononi? Mwoka mikate anaweza kwenda kununua mkate kwa jirani? Sisi ni posta. Barua ya posta itakwenda kwa posta." Chumba kizima kilipiga makofi. Tinka hakupiga, alikuwa ameshika kikombe.

Na nina hila nyingine ambayo sijamwambia mtu. Nitaipeleka kwenye dirisha la mama yako iende kwa rejista. Kila barua ya rejista inahesabiwa kwa jina la dirisha ilikotoka. Wanasema Ravnishte haina barua? Barua ya kuwagomea itatoka Ravnishte, na muhuri wa Velika juu yake. Nitapanda Jumanne tarehe tano. Gari linashuka saa nne. Kila kitu nimekipima kama fundi cherehani.

Mjomba wako,
Stamen


Zaragoza, 6 Februari 2019

Mjomba,

Shikamoo. Sijambo, naandika nimekaa juu ya boksi wakati wa mapumziko.

Nilitamani umsikilize Tinka. Lakini nadhani mpaka barua hii ikufikie, notisi itakuwa imekwenda. Nilicheka habari ya muhuri wa Mama, halafu nikaacha, kwa sababu nimeshazungumza na mwenye nyumba juu ya kitanda cha pili. Chumba ni kidogo, kitanda kitaziba dirisha, lakini kitaingia. Sijamwambia Mama. Naye nadhani anajua, maana juzi aliniuliza kama huku ngazi ni nyingi.

Ziko sabini na mbili, Mjomba. Nilimwambia ni chache.

Niandikie mara tu utakapojua.

Mpwa wako,
Radostina


Brezovets, 15 Februari 2019

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu. Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Mgomo umezuiwa kwa hila. Notisi ilifika mkoani tarehe kumi na tatu badala ya kumi na moja. Siku mbili tu! Mkurugenzi akatuma karatasi: mgomo si halali, atakayesimama Jumatatu atahesabiwa mtoro.

Utauliza, barua ilichelewaje? Mbwa mwitu, Radostina. Sita. Hapana, saba, mmoja alikuwa nyuma ya mti. Walikaa katikati ya barabara pale Krivi, gari la posta likashindwa kupita. Dereva alilia kama mtoto. Mimi nilishuka na mfuko wangu, nikawakemea, sita wakakimbia, lakini yule kiongozi wao, mwenye sikio moja, alinitazama machoni mpaka giza likaingia. Ningekuwa na bunduki ungesikia habari nyingine.

Watu wa tawi wana hasira, hawajui mambo ya porini. Nikiingia chumba cha kupangia barua maongezi yanakatika. Leo Tinka alimimina kahawa vikombe vyote kisha akaupita wangu.

Na mkoa umeandika tena. Katika wilaya yetu jina moja lazima litoke kwenye orodha ya wafanyakazi kabla ya mwezi kwisha. Hawakuandika ni nani, wameandika tu kwamba dirisha la Ravnishte lina barua chache.

Nitalitengeneza. Unamjua mjomba wako.

Stamen


Zaragoza, 21 Februari 2019

Mjomba,

Shikamoo.

Nilimpigia Mama Jumapili. Safari hii hakusema "sijambo". Alinieleza yote, taratibu, kama anayemsomea mtu barua ya mwingine.

Anasema ulifika dirishani saa tatu, siku ile ya Jumanne. Bibi Kera na wenzake wawili walikuwa wanangoja pensheni, na Bibi Kera alikuwa na kichupa cha pombe kali ya rakia kwenye mkoba. Ukaweka notisi juu ya mizani. Kabla Mama hajaipima, ukaanza habari za dubu. Uliinuka ukamwigiza anavyosimama. Gari likapiga honi. Mama akasema, "Stamen, gari." Ukasema, "Linangoja, dereva ananijua." Akasema tena, "Stamen, gari linaondoka." Ukasema, "Dada, niache nimalize, ndiyo kwanza anainamisha kichwa."

Likaondoka. Ijumaa theluji ilifunga barabara. Notisi ilikaa kwenye kabati la Mama wiki nzima, ina muhuri wake, na hakuna mbwa mwitu hata mmoja aliyeiona.

Nilimuuliza kama amekukasirikia. Akasema, "Nimkasirikie kwa lipi? Toka utoto wake nikimwita haji mpaka amalize hadithi." Kisha akaniambia anakwenda kufuta kioo. Kioo cha ofisi, Mjomba. Jumapili.

Mimi sina nguvu ya kugombana. Nakuomba kitu kimoja tu: niandikie barua isiyo na mnyama ndani yake.

Radostina


Brezovets, 28 Februari 2019

Radostina,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Hapakuwa na mbwa mwitu. Ni kama alivyosema mama yako. Aliniita mara tatu, si mara mbili. Ya tatu nilijifanya sikusikia, kwa sababu wale bibi walikuwa wanacheka na muda mrefu hakuna mtu aliyecheka pale.

Jumatatu nilipanda basi kwenda mkoani. Karatasi yangu niliipeleka mkononi. Nilingoja kwenye benchi toka asubuhi mpaka saa tisa. Mkurugenzi ni kijana, ana mafua, hakuniuliza mengi. Alisema wao wanachotaka ni jina moja, lolote. Alipiga muhuri, nakala ninayo.

Dirisha la mama yako litabaki wazi siku tatu kwa wiki, mpaka siku ya pensheni yake. Imeandikwa. Jina lililotoka ni jingine.

Jana na leo nimegawa uzi wa Machi, nyumba kwa nyumba. Mfuko ulikuwa mzito. Kwa Bibi Kera nilipewa kiti lakini sikukaa.

Huu uzi uliomo ndani ni wako, mama yako ameusokota mwenyewe. Utachelewa kidogo. Ufunge mkono wa kushoto, na ukimwona korongo wa kwanza uufungue, uutundike kwenye tawi la mti.

Kile kitanda cha pili mwambie mwenye nyumba hakitahitajika.

Stamen, mjomba wako


Zaragoza, 10 Machi 2019

Mjomba wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Uzi ulifika tarehe saba, nimeufunga mkono wa kushoto, na wenzangu kazini wananiuliza nimeumia wapi.

Kabla sijafungua barua niliitazama bahasha, nikadhani imeandikwa na mtu mwingine. Upande wa mtumaji palikuwa na jina lako na njia unayokaa, basi. Hapakuwa na Mwenyekiti. Hapakuwa na Mtu wa Posta, wa daraja la kwanza wala la mwisho. Nikakaa kwenye ngazi ya sitini na kitu, nikasoma mara mbili mahali ulipoandika "jina lililotoka ni jingine".

Nilimpigia Mama. Aliniuliza kama uzi umefika. Kisha akasema, "Amerudisha mfuko. Kwanza aliupaka mafuta ya viatu usiku kucha, ukang'aa kuliko siku alipopewa. Miaka thelathini na mmoja ameubeba. Tinka aliupokea, hakumtania, akamtengea kahawa." Halafu akaniambia kwamba kila Jumanne na Ijumaa, saa nne kasoro robo, upo mlangoni pake umesimama na kofia yako, na honi ikipigwa unamshika dereva mkono wa shati mpaka Mama amalize kupiga mihuri. Dereva anasema, "Mzee, wewe si wa posta tena." Nawe unamwambia, "Ndiyo maana nina muda wa kukushikilia."

Mama alicheka alipofika hapo. Kisha akalia, akasema ni mafua.

Siwezi kukuuliza utaishi vipi, maana utanijibu kwamba unalishwa na mkoa mzima. Nikipata likizo mwezi wa nane nakuja. Tutachoma hizo pilipili pamoja, na safari hii nitahesabu chupa mwenyewe.

Hapa korongo wapo tayari, wamejenga juu ya mnara wa kanisa lililo mbele ya kiwanda. Niliwaona siku ile ile ya tarehe saba. Sijaufungua uzi. Nikipita hapo natazama chini, kana kwamba sijawaona.

Mjomba, barua yako niliyoiomba nimeipata, na sitaiomba tena nyingine kama hiyo. Una muda sasa. Niandikie habari za yule dubu wa Krivi, toka mwanzo, usimkatize. Mfanye mkubwa utakavyo. Mimi nitaamini.

Mpwa wako,
Radostina