Acha Ikohoe Kwanza

4 Februari

Wifi yangu,

Salamu kwanza, aibu baadaye. Natumaini u mzima na vidole vyako vya pasi bado vinakunjika. Mimi nipo, ila magoti yananinung'unikia nikishinda kwenye cherehani.

Najua umeutazama mwandiko wa bahasha mara mbili. Ndiyo, ni mimi, mke wa Randa. Miaka minne imepita tangu siku ya msiba wa Randa, kaka yako, nilipokukuta mlangoni umeinama unapiga picha viatu vyake. Nilikuambia mbele ya watu wote uondoke na jicho lako la chuma, usikanyage tena kwangu. Ukaondoka. Na mimi sikukuita.

Leo shida imenileta. Mwezi uliopita mto ulifurika ukaingia ndani. Sanduku la chini ya kitanda lililala kwenye maji siku mbili. Picha ya harusi, kitambulisho chake, vyote vimekuwa uji. Nililia kidogo, nikajiambia si neno, sura yake ninayo kichwani.

Halafu binti yetu akajifungua. Kila anayekuja kumwona mtoto anasema, "Huyu ni babu yake mtupu!" kisha wananigeukia mimi: "Si ndiyo, mama?" Wifi, nikafumba macho nimtafute. Nililiona shati. Niliiona penseli sikioni. Uso haukuja.

Wewe ulikuwa unapiga picha kila siku ya Mungu. Nitafutie moja yenye uso wake. Moja tu.

Wifi yako,
mke wa Randa

16 Februari

Wifi yangu wa pekee,

Mungu akutunze wewe na huyo mgeni mdogo, na magoti nayo yapate nafuu. Barua yako niliisomea kazini, nimesimama kati ya marundo mawili ya mashuka ya hospitali. Mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufuliwa. Shuka moja liliungua siku hiyo, na msimamizi kanisema mpaka leo.

Sina kinyongo, wifi. Miaka minne nimekutaja katika sala zangu kila asubuhi, siku nyingine kwa upendo, siku nyingine kwa hasira, lakini nimekutaja.

Sasa nikuambie ukweli. Unajua mtindo wangu: picha moja kwa siku, shuka la mwisho likishakunjwa. Mvuke unapotoka dirishani. Kinyozi anayejinyoa mwenyewe kwa kukosa mteja. Mgonjwa aliyeruhusiwa, amekaa ngazini, anajifunga kamba za viatu taratibu kama mtu anayefungua zawadi. Watu huniuliza, "Mama Pasi, unapiga nini? Hapa hakuna kitu." Nawajibu, "Hicho hicho." Ni ugonjwa wangu huo. Naona siku inapita hivi hivi bila mtu wa kuiaga, moyo hauniruhusu.

Lakini Randa alinikatalia. Tangu lile jino la mbele ling'oke alikuwa akiona kamera anageuka. "Piga kazi," ananiambia, "uso ni wa watu wa nyumbani." Kwa hiyo ninayo migongo yake. Ninayo mikono, sikio na penseli yake, maranda ya mbao yakimfikia vifundoni. Nimekuwekea nne humu. Uso, sikumbuki kuupata.

Na ajabu yake, yeye ndiye aliyekuwa akiniwekea filamu! Unakumbuka niliwahi kufungua kamera juani, picha zote za mkanda zikaungua? Tangu siku hiyo alininyang'anya kazi hiyo. Kila mkanda mpya nampelekea karakanani, anafuta mikono, anauweka, anafunga kifuniko, halafu ananizuia: "Acha ikohoe kwanza." Ananipa mgongo, anabonyeza mara tatu, ka! ka! ka!, kupitisha ile sehemu ya mwanzo iliyoonja mwanga. "Haya, imepona. Nenda kasumbue watu."

Ninazo bahasha tisini na nne za negativu. Huenda siku moja alisahau kugeuka. Nitazipitia zote, moja moja, kwenye mwanga wa dirisha. Sitaruka hata moja.

Wifi yako,
Mama Pasi

1 Machi

Wifi,

Nimepokea. Sisi ni wazima, mtoto ananyonya vizuri.

Asante kwa migongo, lakini huo mgongo nimeushonea mashati miaka ishirini na miwili. Najua kwamba bega la kushoto limeshuka upana wa kidole, kwamba kola lazima iongezwe nyuma. Migongo ninayo ya kutosha. Nilizitazama nne zote nikataka kumshika bega nimgeuze.

Siku ile ya viatu, wifi, hasira yangu haikuwa viatu. Niliona umeinama pale na chombo chako nikajua kwamba hatavivaa tena. Mpaka dakika ile nilikuwa sijajua.

Labda Mungu kapenda iwe hivi. Usihangaike tena, una kazi ngumu na macho yako si ya msichana.

Wifi yako,
mke wa Randa

22 Aprili

Wifi yangu,

Hali zenu? Kwangu afya ipo, macho mekundu tu kama ya mla pilipili, na sababu utaijua.

Uliniambia nisihangaike. Nimehangaika.

Kila nilipotoka kazini nilikaa dirishani na bahasha mbili, kabla jua halijazunguka nyuma ya paa la jirani. Kwenye negativu kila kitu ni kinyume, unajua, nywele nyeupe, nyuso zang'aa kama taa, anga jeusi. Nimepita miaka kumi ya watu. Nimekuona wewe mara kumi na saba, wifi, mara tatu umenikunjia uso. Nimeiona ile siku mliyohamisha kabati likakwama mlangoni, kila mtu anaelekeza na hakuna anayebeba. Na Randa yumo, mgongo. Yumo, kisigino. Yumo nyuma ya ubao, vidole vinne vimejitokeza juu.

Bahasha ya tisini na nne niliimaliza siku ya Jumanne. Hakuna uso.

Nilimlalamikia Mungu, sitakuficha. Nilimwambia, "Umenipa macho ya kuona kila kitu isipokuwa hiki kimoja, basi ulinipa ya nini?" Nikalala nimekasirika, na asubuhi nikaamka nimekasirika, lakini sala ni sala, nikafungua kitabu changu.

Sasa sikiliza. Mkanda ukitoka kusafishwa, mwanzoni huwa na kipande kifupi, nusu kimeungua kabisa. Wenye studio hawakisafishi kuwa picha, na watu hukitupa. Mimi niliona ni kigumu, hakichaniki, kinateleza vizuri kati ya kurasa. Nikawa navikata na kuvifanya alama za kitabu changu cha sala. Miaka yote hiyo! Vimo tisa, kila kimoja na mahali pake.

Nilikiinua cha kwanza ili nisome, jua likapita ndani yake. Nusu giza. Nusu ya pili, wifi, safu ya meno meusi, na katikati pengo jeupe.

Nilikaa chini sakafuni. Yule mtu alikuwa akinipa mgongo ili nisione anachofanya! Anafunga kifuniko, anaigeuza kamera, ananyoosha ule mkono wake mrefu, anajipiga mwenyewe huku mimi nimesimama pale pale nikisubiri ikohoe. Alijua kipande kile kinaungua. Alijua hakuna atakayekitazama. Na mimi nimekuwa nikimfunika na kumfunua kila asubuhi bila kumjua.

Vyote tisa vina kitu. Nimeviweka ndani ya foronya safi. Kesho naenda studio.

Wifi yako,
Mama Pasi

10 Mei

Wifi yangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama, umekaa. Kama umesimama, kaa.

Studio haikuwa rahisi. Fundi wa pale siku hizi anapiga picha za vitambulisho tu. Alivitazama vipande vyangu kama mtu aliyeletewa samaki wa jana.

"Mama, mambo ya filamu yalishakufa. Na hivi vimeungua."

"Havijaungua vyote."

"Mashine ya kukuzia iko stoo, chini ya mazagazaga. Haijaguswa miaka."

"Nitakusaidia kuitoa."

"Dawa za kusafishia sina."

"Zinauzwa wapi?"

Akacheka. Nikamwambia nitarudi kesho. Akasema kesho anafunga. Nikasema basi kesho kutwa. Nilikwenda siku tano mfululizo, nakaa kwenye benchi la wateja na kitabu changu. Siku ya tano aliniambia, "Mama, ukikaa hapo wateja wanadhani umekuja kunidai." Nikamwambia, "Waache wadhani." Ndipo alipochukua funguo za stoo.

Niliifuta ile mashine mwenyewe, kwa vitambaa vya kazini, mpaka kioo chake kikawa kama maji. Dawa akaagiza kwa rafiki yake. Tulijifungia kwenye chumba cha giza, taa nyekundu, mimi nikiomba kimoyomoyo na yeye akitingisha beseni. Ukaja ukingo wa sikio. Ikaja penseli. Halafu uso wote ukapanda kutoka majini ukinitazama, na yule fundi akasema polepole, "Mama, huyu mtu anacheka na nani?"

Tatu zimegoma, mwanga umekula mno. Sita zimetoka, ziko humu. Utaona nusu ya kila picha ni nyeupe, usiichukulie ni kosa, ndivyo zilivyo. Katika ya kwanza amekaza uso kama yuko mbele ya hakimu. Ya pili katoa ulimi. Ya tatu na ya nne sijui anajaribu kuwa nani. Ya tano amechoka, mvi zimeanza, amesahau hata kuficha pengo.

Ya sita aliipiga ugonjwa wake ukiwa bado haujaanza, nimeitambua kwa kalenda ya ukutani. Humo hayuko peke yake. Nyuma yake, mlangoni mwa karakana, umesimama wewe na kikombe, mdomo wazi, unamwambia kitu. Nimeitazama mpaka nikakaribia kusikia. Ulikuwa unasema nini, wifi?

Jambo moja zaidi. Vile viatu sijawahi kuvisafisha kuwa picha. Negativu ipo. Sema neno moja niichome.

Wifi yako,
Mama Pasi

28 Juni

Wifi,

Mungu awe nanyi. Majuma saba sijapata jibu. Mkiwa wagonjwa, nitumieni neno nipande gari. Kama posta imezipoteza zile picha, usiumie, negativu ninazo na yule fundi sasa ananiogopa. Na kama nimekuumiza tena kama siku ile, niambie. Nitaomba radhi kisha nitaandika tena. Hunichoshi.

Mama Pasi

5 Julai

Wifi yangu, wifi,

Sisi ni wazima wote. Hakuna aliyeugua na posta haikupoteza kitu. Zilifika. Nilizipanga juu ya meza ya cherehani, nikashindwa kushona na nikashindwa kuandika. Nguo za wateja zimelala, wamenisema, nimewaacha waseme. Kila nilipochukua kalamu nilizitazama kwanza, na nikizitazama siku inaisha.

Umeniuliza nilikuwa nasema nini. Nakumbuka neno kwa neno. Nilisema, "Randa, chai inapoa, acha kuchezea mali ya watu!" Akanijibu, "Nimeshamaliza, nimekuweka pazuri." Nikadhani anazungumzia kiti.

Sasa nikucheke kidogo. Jana alikuja jirani, akamwinua mtoto, akaanza: "Huyu ni babu yake mtupu! Si ndiyo, mama?" Nikamchukua mtoto, nikamweka karibu na zile picha sita, nikazitazama moja moja bila haraka. Nikamjibu, "Hapana. Hafanani naye hata chembe. Huyu ni baba yake mzazi, masikio na yote." Jirani alinuna. Mimi, wifi, nililala usingizi ambao sijaupata tangu mafuriko. Wakiniuliza, ninajibu.

Viatu usivichome. Visafishe, uvilete mwenyewe, nataka kuviona.

Njoo na jicho lako la chuma. Kuna mtoto hapa anapiga chafya tano mfululizo kisha anashangaa, na kuna mimi, sijapigwa picha miaka minne. Leta mkanda mpya, usiufungue. Nimekwenda kwa mpiga picha wa hapa kwetu, nikamshonea suruali, naye akanifundisha kuweka filamu. Nimerudia mpaka naweza nikiwa nimefumba macho.

Nitakuwekea mimi. Utasimama mlangoni usubiri, nami nitakupa mgongo. Ikishakohoa, nitakukabidhi.

Wifi yako,
mke wa Randa