Chumvi Niliyomtilia Mwaitu

Katangi, Yatta,
Machakos.
9 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Kalondu,

Hujambo huko Muscat? Natumaini joto halijakumaliza nguvu na mgongo wako umepata nafuu. Sisi tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Mbaazi tumevuna kiasi, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikikupigia, Mwaitu husogea karibu asikie sauti yako, na haya siwezi kuyasema mama yetu akiwa ameniegemea begani. Barua ataibeba jirani yetu Kalunde, anarudi huko kazini Jumapili.

Ulisikia Mwaitu alianguka kanisani mwezi wa pili, presha ikiwa juu sana. Tulipotoka hospitali tuliambiwa chumvi yake isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, tukihesabu na ile iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti. Hata magadi tunayolainishia mahindi ya muthokoi tuliambiwa tuache, maana nayo yana sodiamu kama chumvi.

Nilitii. Nilipika muthokoi bila chumvi wala magadi, mahindi yakawa magumu kama kokoto. Mwaitu alikula vijiko viwili akasukuma sahani, akasema hata jela watu hupewa chumvi. Alikonda mpaka nguo zikamning'inia.

Mwezi wa nne akaja Winfred, mke wa kaka yetu Musili. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Athi River kilipunguza wafanyakazi, basi Musili akabaki huko na kazi yake, yeye akaja kukaa na sisi. Winfred aliloweka muthokoi tangu asubuhi ya jana yake, akaupika taratibu, akakaanga vitunguu mpaka vikawa vya kahawia, akatia tangawizi, kitunguu saumu na dania, na mwisho akakamulia limau. Mwaitu alimaliza sahani na kuomba nyingine. Akasema, "Huyu msichana ana mkono."

Kalondu, nimempikia mama yetu miaka ishirini na miwili. Tangu nirudi kutoka kwa ndoa yangu ile, hakuna siku amelala njaa. Sijawahi kuambiwa nina mkono.

Nilianza kumchukia Winfred kwa vitu vidogo. Vile anavyofunga leso. Vile anavyocheka na Mwaitu jikoni na mimi nikiingia wananyamaza, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Akina mama wa jumuiya walimwita awafundishe kupunguza chumvi, wakaketi kwenye mabenchi yangu, wakatumia sufuria zangu, na hakuna aliyeuliza mimi ninajua nini. Niliosha vyombo peke yangu nikiwasikia wakimshangilia.

Tulikuwa tukimpikia Mwaitu kwa zamu, kila mmoja na sufuria yake. Siku moja kwenye zamu yangu nikatia chumvi kidogo tu kwenye kunde. Mwaitu alikula, akaniangalia na kutabasamu, akasema, "Kavata, leo umepika." Nilifurahi kama mtoto. Zamu iliyofuata nikaongeza. Nikarudisha na magadi. Niliendelea hivyo wiki tano, na kila mara sahani ilirudi tupu.

Siku ya kliniki Winfred ndiye aliyempeleka. Presha ilikuwa imepanda tena na miguu ya Mwaitu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Daktari alimgombeza Winfred mbele ya foleni nzima, akamuuliza kama anataka kumuua mzee wa watu. Jioni Musili akapiga simu, naye akamgombeza. Winfred hakujitetea. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikipepeta maharagwe.

Nitakwambia ukweli wote kwa sababu wewe ni damu yangu. Mwanzoni nilifurahi. Kwa siku mbili nilitembea hapa nyumbani nikijiona mimi ndiye binti wa nyumba hii.

Siku ya tatu nilimkuta jikoni akipika mboga bila hata punje moja ya chumvi. Alikuwa anaonja huku machozi yakimtiririka, anatia limau, anaonja tena. Miguu ya Mwaitu ilinijia machoni. Nikamwambia, "Ni mimi niliyekuwa natia."

Hakugeuka. Akasema, "Najua, wifi. Nilionja sufuria yako Jumatano."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza na ametukanwa hivyo. Alifunika sufuria kwanza. Akasema, "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Lakini kesho ningemwambia daktari. Nisingemwacha mama afe kwa sababu ya kukusitiri."

Nilimpigia Musili siku hiyohiyo nikamweleza. Tulikwenda kliniki pamoja, nikasema mbele ya daktari yuleyule. Kwa Mwaitu ndiko kulikokuwa kugumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema alidhani Mungu amemrudishia ladha ulimini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa tunapika sufuria moja, na Winfred ananifundisha. Miguu imepungua uvimbe, na presha wiki iliyopita ilikuwa imeshuka vizuri. Lakini nisikudanganye kwamba wivu umeisha. Akisifiwa bado natafuta kazi ya kufanya nje.

Jana Winfred alikwenda soko la Tala, akaacha amepika. Nilimpakulia Mwaitu. Alikula, akafumba macho, akasema kunde hizi ni tamu kuliko zote, ni nani amepika? Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba. Ningeweza kusema ni mimi.

Nikamwambia, "Ni Winfred."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Nami nikaenda nje kuwapa mbuzi maji.

Msalimie Rodgers mnayefanya naye kazi, na yule rafiki yako Lavender anayekusindikiza kanisani. Mwaitu anakusalimu, Musili pia, na Winfred amesema uje Desemba akupikie. Mungu akufunike huko ugenini na akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na makosa yangu yote,

Kavata