Sauti ya Mama Sokoni Kalerwe

Kawempe, Jumapili

Kaka Latif,

Watoto wazima, mvua imebomoa ukuta wa jikoni, na Mubaraka wako anauliza baba yake anarudi lini. Salamu zaidi ya hizo sina.

Uliiingiza kampuni yetu ndogo kwenye muungano wa kampuni za huko Nairobi, ukasema peke yetu hatufiki mbali. Sikatai. Wao ndio waliotupa betri inayodumu, na kifaa chetu cha kupima joto la maziwa kikaacha kuzimazima. Lakini nani alikutuma uwape programu yote, pamoja na sauti?

Jana nilipita Kalerwe. Muuza maziwa ana kifaa kipya chenye nembo ya hao wenzako. Maziwa yalipopata joto kikasema, "Mwanangu, maziwa yanaharibika!" Ni Mama, vile tulivyomrekodi jikoni kabla hajaugua. Hata kile kikohozi tulichoshindwa kukifuta wamekiacha. Nikalia mbele ya watu. Muuzaji akadhani nalilia bei, akanipunguzia.

Siku ya mazishi ya Mama ulisema una mkutano na washirika. Arobaini yake ni Ijumaa. Usije nyumbani. Nenda ukasimame Kalerwe, umsikilize pamoja na wateja wako.

Dada yako,
Jalia