Kiazi cha Mutu wa Hadithi

Furaha, mujukuu wangu,

Huku Majengo tuko muzima. Papa yako amemaliza kutengeneza mabati, na mama yako anakusalimia.

Unasema profesa wako amekataa hadithi yako: eti mutu uliyemutunga hawezi kufanana na Yesu kama haombi wala haingii kanisani. Sikia. Nikiwa kasichana kule Kibumba, siku moja ya mvua mama alitutungia hadithi ya muchungaji wa ng'ombe aliyeachia kila mugeni nafasi yake karibu na moto, mpaka mwenyewe akabaki inje kwenye mvua. Nililia, nikaweka kiazi changu kwa mulango ili akipita ale. Kaka zangu wakacheka: "Ule mutu hayuko! Ni hadithi tu!"

Mama hakucheka. Mvua ilipokatika, mwanamuke tusiyemujua akapita barabarani na mutoto mugongoni, amechoka. Mama akamupa kile kiazi, kisha akaniambia: "Umeona? Amefika."

Basi usimupigishe mutu wako magoti kwa kumufurahisha profesa. Muache kwenye mvua. Musomaji akisimama kwenda kumutafutia kiazi, profesa atajua mutu wako amefanana na nani.

Ni mimi bibi yako, Tate