Kitanda Kimoja kwa Kila Atakayefika

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane 2003. Baraka

Mpaka daraja la Mutambala na kurudi. Bila kusimama. Jua lilikuwa halijachangamka nilipoingia uani. Goti la kushoto linauma kidogo. Viatu ni vile vyangu vya mpira. Fundi aliyakata yale meno ya chini kwa kisu, sasa vinateleza kwenye vumbi.

Vijana wanaolinda barieri ya barabarani wamenizoea. Mwanzoni waliniuliza nani ananifukuza. Leo mmoja amenyanyua kamba nipite, bunduki begani, bila neno.

Mke wangu Mauwa aliniwekea bukari, ugali wa muhogo, na samaki mzima wa mukeke. Yeye hakukaa kula. "We kula tu, Baba Feza. Mi nilisha kula ku shamba."

Nimekula yote. Njaa ya kukimbia ni njaa nyingine kabisa.

Jumapili, tarehe 10

Baada ya misa Padri ametukusanya sisi wakimbiaji. Marafiki zake wa Ulaya wameitikia ombi lake. Wanataka mbio ndefu kama zile za kwao, marato kamili. Kutoka Fizi mpaka hapa haitoshi, kwa hiyo tutapita parokia, tutafuata njia ya Mboko, halafu tutageuka na kurudi parokiani. Kila atakayefika, kitanda kimoja cha materinite, pale wanawake wanapozalia, na dawa zake. Atakayeishia njiani, hakuna kitu.

Materinite yetu iliporwa mara ngapi, sijui tena. Wanawake wanazalia chini. Nilipandisha mkono kabla Padri hajamaliza kusema. Watu walipiga makofi. Mauwa alikuwa upande wa wanawake na mtoto wetu Feza mgongoni. Hakupiga makofi. Aliniangalia tu.

Alhamisi, tarehe 14

Siku mbaya.

Asukulu, yule mvuvi ninayekimbia naye, alichomwa na mwiba, tukarudi mapema. Nilipitia nyuma ya jiko. Mauwa alikuwa amechuchumaa, sufuria kati ya magoti, anakwangua ukoko wa bukari ya jana na kuuloweka katika maji ya sombe, majani ya muhogo. Feza alikuwa na titi mdomoni na bado analia. Kando yao sahani yangu, imefunikwa.

Hakuwa amekula shambani. Shamba gani. La juu hatujakanyaga tangu vita, na hili la kando ya mji muhogo wake hauna hata unene wa kidole.

Nilirudi nyuma ya ukuta. Nikakohoa. Kwa nguvu, apate muda wa kuficha sufuria. Kisha nikaingia kama mtu anayetoka njiani. Alikuwa anatabasamu. Akafunua sahani.

Nikala.

Jumatatu, tarehe 18

Tangu siku ile ninabakiza nusu. Ninasema tumbo limejaa. Mauwa anafunika ile nusu na kunirudishia jioni.

Jumatano, tarehe 20

Tulijaribu mlima wa Fizi. Sikufika hata kwenye kona ya kwanza kubwa. Macho yaliona giza, nikakaa barabarani kama mzee. Asukulu alinipa muhogo wake mbichi, nikautafuna na udongo wake. "Mwalimu, miguu yako iko mizuri. Ni tumbo njo inakukataa."

Alienda kumwambia Padri. Padri amekuja nyumbani saa kumi. Alimwambia Mauwa mbele yangu, kwa upole, kama mtu anayeomba: "Mama Feza, umupe mwalimu chakula ya kutosha. Ule mwili si yake tena. Ni ya materinite."

Mauwa alisema ndiyo, Padri.

Mimi nilikuwa nimekaa pale. Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Nilitazama viatu vyangu.

Jumapili, tarehe 24

Watoto wananiita Mwalimu Mbio. Wananifuata mpaka mwisho wa mtaa wakipiga kelele. Wanawake wa sokoni wanasimama.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Ninapenda. Miaka yote hii nimekimbia na godoro kichwani, nimekimbia na milio nyuma, nimelala porini na mbu. Sasa ninakimbia na hakuna aliye nyuma yangu, na watu wanapiga makofi. Siwazi vitanda ninapokimbia. Ninawaza makofi.

Ninakula sahani nzima tena. Mapaja yamekuwa magumu. Mauwa amefunga kikwembe chake mara mbili zaidi kiunoni, kisidondoke.

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa tisa

Masomo yameanza. Darasa halina mabenchi, tunakaa juu ya matofali. Nikitoka kukimbia ninaingia darasani na jasho.

Mchana tulimpeleka Feza kupimwa. Mama Apendeki, muganga wa materinite, alimtundika kwenye mizani. Feza alining'inia kimya. Zamani alikuwa anapiga mateke. Mama Apendeki aliangalia mshale, akamshusha, akamwangalia Mauwa. "Maziwa ni kidogo. Mama, unakulaka nini?"

"Nakulaka muzuri," Mauwa alijibu.

Mama Apendeki akanigeukia mimi. Mashavu yangu yamejaa. Aliniangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilisema tutajitahidi.

Tutajitahidi. Mimi na nani?

Jumatano, tarehe 3

Nimemwambia Mauwa kwamba ninaacha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Kwamba mtoto ni muhimu kuliko mbio, kwamba Padri atapata mwingine. Nilidhani atashukuru. Nilidhani atalia.

Alikasirika. Sijamwona vile tangu tuoane.

"Mi nilizalia pa chini," alisema. "Pa simenti. Uko unajua ile baridi?"

Mtoto wetu wa kwanza, kabla ya Feza, anamaanisha. Mwaka ule tulipotawanyika. Sikuwepo. Mtoto hakuishi kufika jioni. Tangu wakati ule hajawahi kulizungumzia, na mimi sijawahi kuuliza.

"Unazani niko nakupa samaki juu ya yale makofi? Mi nataka kitanda. We njo mwenye miguu, basi nakulisha."

Akaendelea kuchambua sombe. Halafu, bila kuinua kichwa: "Na kile kikohozi chako nilisikia. Kimbia, Baba Feza. Lakini usijifanye kama hauone."

Aibu yangu haina pa kukaa. Nilijiona mume anayependwa kupita kiasi. Kumbe nilikuwa punda wa kubeba kitanda. Na hata hilo nimeliandika kwa kujihurumia.

Tumepatana: samaki anagawanywa mbele ya macho yetu wote wawili. Ananipa kipande kikubwa. Ninapokea.

Ijumaa, tarehe 12

Milio milimani tangu juzi. Watu wanateremka kutoka upande wa Minembwe na Lulimba, mikeka kichwani, mbuzi mmoja mmoja. Parokia imejaa. Familia moja imelala kwenye darasa langu. Padri hajui kama mbio zitakuwepo.

Nilipoambiwa huenda zikafutwa, moyo wangu ulifurahi. Dakika ile ile ukahuzunika. Sijui ni moyo gani huu.

Barabara imefungwa. Ninakimbia kando ya ziwa, kwenye mchanga, mbele ya watu waliokosa chakula tangu jana. Mama mmoja alimwuliza Asukulu kwa nini tunakimbia. Akamjibu kwamba tunatafuta vitanda. Yule mama akasema, vitanda biko kule mbele? Alikuwa anauliza kweli.

Ijumaa, tarehe 26. Fizi

Barabara imefunguliwa. Lori la parokia limetuleta huku juu. Baridi. Tumepewa maharage na ndizi, tukala mpaka tukanyamaza.

Asubuhi nilipoondoka Feza alikuwa na joto kidogo. Mauwa alisema ni meno. Mimi nikasema pia ni meno. Meno ni rahisi kusema.

Jumapili, tarehe 28. Baraka

Lazima niandike yote, leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Tulianza jana na ukungu. Wachache kuliko waliojiandikisha. Mteremko uliniua magoti, lakini pumzi ilikuwepo. Vijijini watu walitoka na maji katika vibuyu. Kwenye barieri ya mlimani askari mmoja alikimbia pembeni yangu na bunduki yake, anacheka, mpaka mwenzake akamwita. Asukulu alitangulia. Watu wawili walikaa chini na hawakuinuka kuendelea. Daraja la Mutambala nililivuka nikiwa sijisikii miguu, na niliona raha. Raha kubwa. Niliwaza: huyu ni mimi.

Kuingia Baraka, kelele. Majani ya migomba barabarani, wanawake wa kwaya, watoto wangu wa darasa. Nilitafuta kikwembe cha Mauwa. Hakuwepo.

Mbele ya soko jirani yetu, Mama Byamungu, aliingia barabarani, akakimbia nami hatua chache akinishika mkono. "Mwalimu, Mauwa iko ku materinite. Mutoto ameshikwa na degedege."

Nilisikia. Nilisikia kila neno. Nisije nikasema siku moja kwamba kelele zilikuwa nyingi.

Materinite iko pale pale barabarani, baada ya parokia. Mlango ulikuwa wazi. Niliona ukuta wa kijani na ndoo chini. Bado ilikuwepo ile njia ya Mboko, kwenda na kurudi.

Nilipita.

Niliwaza nini? Nimejiuliza tangu jana. Ningependa kuandika kwamba niliwaza kitanda, kwamba niliwaza maneno ya Mauwa, mi nataka kitanda. Labda niliyawaza. Lakini niliwaza pia kwamba Asukulu atafika, na wataimba jina lake peke yake.

Kwenda, nilitazama ule mlango. Kurudi, nilitazama upande wa ziwa.

Nilifika. Padri alinifunga kitambaa shingoni. Walitaka kuninyanyua juu, nikawasukuma, nikaanguka, nikaenda kwa kushika kuta.

Mauwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, chini, vile vitanda viwili vilivyobaki vina watu. Feza mapajani, sindano mkononi, chupa ya maji imetundikwa kwenye msumari. Alikuwa hai. Amelala. Mama Apendeki alisema homa ya malaria ilimkuta hana nguvu, lakini inashuka. Hakunitazama.

Mauwa aliniuliza, "Ulifika?"

"Nilifika."

"Basi iko muzuri."

Akanipa kikombe chake cha maji. Sikuweza kunywa. Nilikishika mpaka kikawa cha moto.

Jumapili, tarehe 5 mwezi wa kumi

Feza amerudi nyumbani. Anashika kidole tena, anavuta. Asukulu ameleta ndakala, wale dagaa, kapu zima, anasema ni za mama, si za mwalimu. Nimekubali.

Watu wananisimamisha njiani kunishukuru. Wameimba jina langu kanisani baada ya komunyo. Nilisimama kwa sababu Padri alisema nisimame. Mauwa alikuwa anamnyonyesha Feza, hakuinua kichwa.

Mtoto angekufa, kila mtu angejua mimi ni nani. Hajafa, basi mimi ni shujaa. Nilichokifanya ni kile kile.

Jumanne, tarehe 7

Nimemwambia. Alikuwa anatwanga sombe. Nilisema: Mama Byamungu aliniambia barabarani. Nilijua uko mle ndani na mtoto. Nikapita mara mbili.

Mchi ulisimama. Halafu ukaendelea. Alitwanga mpaka sombe ikawa laini kupita inavyotakiwa.

Nilikuwa nimengoja anilaumu au anisamehe. Hakuna lolote kati ya hayo. Amemwaga maji, amefagia, amemfunga mtoto mgongoni, ameenda kuteka.

Jumamosi, tarehe 18

Bado hajanijibu. Tunazungumza mambo ya kila siku. Chumvi. Paa linalovuja. Sikimbii tena. Vijana wa barieri wameuliza kama nimekuwa mgonjwa.

Mwili unadai. Saa kumi na moja alfajiri miguu inaamka peke yake. Ninakaa kitandani mpaka itulie.

Alhamisi, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja

Mvua tangu asubuhi. Boti imeshusha vitanda, vya chuma, vimefungwa kwa makaratasi. Tulivibeba kutoka ufukweni kwenye matope, mimi na Asukulu na wengine. Vizito. Hakuna aliyesema hiki ni cha nani. Nilishukuru kwa hilo.

Wamevipanga. Magodoro yana plastiki. Mwanamke mmoja wa wale waliotoka Minembwe amewekwa kwenye cha kwanza, uchungu ulikuwa umeshamwanza. Watu wachache walinung'unika nje kwamba ni mtu wa juu kule, si wa kwetu. Mama Apendeki akafunga mlango.

Mauwa alienda kuviona baada ya mvua kupungua. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikausha miguu, akamchukua Feza kwangu.

"Biko juu sana," alisema. "Mama mwenye uchungu atapandaje pale? Inaomba kitu ya kukanyagia."

Nilimwambia kuna mbao mbili nyuma ya nyumba. Kesho baada ya masomo nitaazima msumeno.

Alisema kikanyagio kiwe kipana, miguu yote miwili ikae.