Eti Ni Umri

Mwenzangu, nimedhalilishwa. Sebuleni mwangu, juu ya kiti changu mwenyewe.

Mkwe wangu, ambaye tangu anunue maikrofoni nne hujiita injinia, alikuwa akiturekodi sisi waimbaji kabla ya onyesho letu la Jumamosi. Kila sauti hunaswa peke yake, nawe hujisikia katika hedifoni unapoimba.

Nikaimba. Sauti yangu ikanirudia imechelewa, kana kwamba ilipitia sokoni kwanza. Nikawa naingoja, na wimbo ukaanza kuburuta miguu.

"Baba, huo ni umri," akasema.

Umri! Mbele ya mjukuu wangu! Mimi niliyeongoza kwaya kabla yeye hajaota meno!

"Jumamosi tutakuweka na wasikilizaji."

Wasikilizaji, mwenzangu!

Nikavua hedifoni, nikamvisha kwa adabu zote. "Hebu hesabu mpaka kumi, mwanangu. Kwa sauti."

"Moja, mbili, ta... tatu, n... nne..." Hapo ulimi ukagoma kabisa. Injinia! Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Umeiacha kompyuta irundike sauti nyingi mno kabla ya kuirudisha," akamwambia baba yake, akapunguza kipimo kimoja tu.

Nikavaa tena. Sauti ikanifika papo hapo, nikamaliza wimbo mzima bila kujikwaa.

Unajua yule bwana alisema nini, bila hata kuona haya?

"Safi sana, Baba. Umejirekebisha. Jumamosi utaimba."

Yaani nimesamehewa, mwenzangu. Nimesamehewa na yeye!